Taa ya mafuta imewaka kwenye lori la dizeli: jinsi ya kujua utafika wapi, na ukikata ufanyeje

Swali linakuja kila siku: taa ya mafuta imewaka, gari ni dizeli, nimebakiza kilomita ngapi? Na majibu ni yale yale, huyu anasema 50, huyu 100, mwingine anakwambia yeye alitoka Chalinze mpaka Ubungo taa inawaka njia nzima na gari haikuzima. Wote wanaweza kuwa wakweli na bado hawajakusaidia kitu, sababu taa ya Scania yenye tenki la lita 400 na taa ya Canter yenye tenki la lita 100 haziwezi kumaanisha kitu kimoja. Afu kwa Dar kuna jambo watu wanalisahau kabisa: hapa lori linamaliza mafuta kwa saa kuliko kwa kilomita. Mandela toka bandarini hadi Ubungo ni kama kilomita 15 tu, lakini siku foleni imekolea unaweza kuzitembea masaa matatu na injini inaunguruma muda wote, sasa hapo mtu akikwambia "una kilomita 30" anakudanganya bila kukusudia.

Kwa hiyo nakuwekea namna ya kujipigia hesabu mwenyewe kwa gari yako, na mwisho nitaeleza kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta, maana dizeli ikikata siyo kama petroli kwamba unamwaga lita tano unapiga stata unaondoka.

Hatua ya kwanza: jua mrija unaishia wapi

Ndani ya tenki kuna paipu inayovuta mafuta, na hiyo paipu haifiki chini kabisa. Imeachwa juu kidogo makusudi ili maji na uchafu unaotuama chini ubaki hukohuko, kwenye malori makubwa unakuta ni sentimita 3 hadi 5, kwenye Canter pungufu ya hapo. Ni sawa na mrija mfupi kwenye chupa ya soda, utanyonya mpaka usikie unavuta hewa na soda bado ipo.

Sasa ile soda iliyobaki ni lita ngapi? Chukua futi, pima tenki: urefu, upana na kimo, vyote kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000, hizo ndo lita. Tenki la 120 kwa 60 kwa 60 linatoka lita 432, kona zake zimekunjwa kwa hiyo punguza kidogo, sema 410. Kitu cha maana zaidi ni hiki: zidisha urefu kwa upana tu, 120 kwa 60, gawa kwa 1,000, unapata 7.2. Maana yake kila sentimita moja ya kimo ni kama lita 7. Mrija ukiishia sentimita 4 toka chini basi karibu lita 28 zimelala pale, umezinunua kwa hela yako na injini haitazigusa. Canter yenye tenki la 80 kwa 40, kila sentimita ni lita 3 na kidogo, mrija ukiwa sentimita 2 juu zimelala lita 6 hivi.

Kujua mrija wako unaishia wapi hasa, subiri siku fundi anafungua geji juu ya tenki, mara nyingi paipu inatoka pamoja na ile sahani ya juu. Pima toka kwenye sahani hadi ncha ya paipu, afu zamisha kijiti mpaka kiguse chini upate kina cha tenki, tofauti ya hivyo viwili ndo jibu lako. Andika mahali. Ni kazi ya dakika kumi na unaifanya mara moja kwa maisha ya hiyo gari.

Hatua ya pili: tengeneza kijiti chako

Geji ya kwenye dashibodi achana nayo mafuta yakiwa chini. Ile ni boya linaloelea na waya, lori likiegesha kwenye mteremko inasoma uongo, lori la zamani boya limechakaa mshale unarukaruka, na kwa nusu ya chini ya tenki mshale huwa unashuka haraka kuliko ule wa juu, kila dereva anajua robo ya kwanza ni tamu na robo ya mwisho inayeyuka.

Tafuta fimbo nyoofu, ya alumini ni bora, ya mbao ngumu inafaa ila iwe laini isiache vibanzi ndani. Siku tenki lipo tupu kabisa au unajua kilichomo, simama sheli sehemu tambarare, weka lita 20, zamisha fimbo, mahali mafuta yalipoishia chora alama kwa kisu. Weka 20 nyingine, chora tena. Ukifika lita 100 inatosha, juu ya hapo huna shida ya kujua. Baada ya hapo chora alama moja nene ya rangi nyekundu pale mrija unapoishia, chini ya hapo hesabu ni sifuri hata kama fimbo imelowa.

Malori mengine yana wavu mdomoni mwa tenki kuzuia watu wasinyonye wese usiku, fimbo haipiti. Hapo huna jinsi, unapimia kwenye tundu la geji au unategemea hesabu ya hatua inayofuata peke yake. Ila fimbo ina faida nyingine mabosi wataipenda, ukilala na lori Kurasini au Chalinze unapima jioni unapima asubuhi, kama sentimita tatu zimepotea hujatembea basi ongea na utingo wako vizuri.

Hatua ya tatu: ulaji wa gari, kwa kilomita na kwa saa

Jaza mpaka juu, andika kilomita. Tembea, jaza tena mpaka juu sheli ileile kama inawezekana, gawa kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo ukiwa na mzigo na ukiwa mtupu, usichanganye. Kama huna pa kuanzia, semi trela yenye mzigo kamili chukulia kilomita 2 kwa lita, tupu 3 au zaidi kidogo, Fuso ya tani 10 ni 3 hadi 4, Canter yenye mzigo wake halali 6 hivi. Ikiwa umezidisha tani, na tunajuana, punguza.

Hiyo ni kwa kilomita. Kwa saa: injini kubwa ya semi ikiwa imesimama inaunguruma tu inakula lita 2 hadi 3 kwa saa, Canter kama lita 1. Hapo haijasogea. Ikiwa foleni ni ya kusogea mita kumi unasimama, unasogea unasimama, na mzigo mgongoni, ulaji wa semi unaweza kushuka mpaka kilomita 1 kwa lita, kila ukiondoka toka sifuri unanyanyua tani zote upya.

Hapa nitoe dukuduku kidogo. Matatizo mengi ya kukata mafuta mjini hayaanzii kwa dereva, yanaanzia kwa bosi anayetoa lita za safari kwa hesabu ya barabara tupu. Anakupa lita za kufika Morogoro kama vile Kimara ni barabara ya Jumapili asubuhi, ukikwama anasema umeuza wese. Na ukweli wapo wanaouza, ndo maana bosi haamini mtu. Kijiti na daftari vinawasaidia wote wawili kuliko kelele za simu.

Hatua ya nne: taa imewaka, piga hesabu

Simama mahali tambarare, zima gari, subiri mafuta yatulie dakika moja mbili, zamisha fimbo. Pima kwa futi ilipolowa, tuseme ni sentimita 10 kwenye lile tenki letu la 120 kwa 60. Toa 4 za mrija, zimebaki 6, mara lita 7 ni 42. Kwa kilomita 2 kwa lita ni kilomita 84. Sasa toa theluthi moja, usibishane na hiyo theluthi, zimebaki 56. Upo Ubungo unaelekea bara? Chalinze ni kama kilomita 100 toka hapo, sahau. Jaza Kibaha na uendelee, tena kumbuka mbele kuna mizani ya Vigwaza na foleni yake, mkia wa malori ukiwa mrefu unakula mafuta umesimama.

Hebu tuone mjini. Fimbo imesoma sentimita 6, umetoka bandarini na kontena. Sita toa nne ni mbili, lita 14, kwenye karatasi ni kilomita 28 na Ubungo ni kama 15, mtu anaondoka anapiga mluzi. Ila foleni ikiwa ya kusogea na kusimama zile kilomita 15 zinataka lita 15, na hizo ulizonazo ni 14, na hata hazitoki zote, utazimia Buguruni au Tabata Relini katikati ya barabara na mapikipiki yote ya Dar yanakupigia honi. Ndo maana nasema uliza saa kwanza. Kama ni saa kumi na moja jioni, ile theluthi ya kutoa ifanye nusu.

Kwa nini hazitoki zote? Mafuta yanacheza. Ukifunga breki yanakimbilia mbele, ukipanda yanarudi nyuma. Tenki la urefu wa sentimita 120 kwenye mlima wa asilimia 8, upande mmoja na mwingine vinapishana karibu sentimita 10. Kama mrija wako upo katikati ya tenki una nafuu, kina cha katikati hakibadiliki sana. Kama upo upande wa mbele na kimo kilikuwa sentimita 8, ukianza kupanda Pugu kule mbele kinabaki kama 3, mrija unavuta hewa, na tenki "lina" lita hamsini na kitu. Dereva anashuka anachungulia anaona mafuta, anaita fundi wa umeme. Kumbe upepo.

Wenye matenki mawili: angalia bomba linaloyaunganisha kama koki zake zote zimefunguliwa. Koki ikifungwa tenki moja linaweza kukauka na jingine limejaa. Na ukiegesha ubavu umelala upande mmoja, mafuta yanahamia chini, kwa hiyo usipime fimbo hapo.

Kuna na wale wanaocheza na tenki tupu kwa sababu ya bei. EWURA, wale wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi ikivuma kwamba zitashuka, Jumanne yake malori yanatembelea harufu. Ukitaka kusubiri subiri, ila subiri umeegesha. Unachookoa kwenye lita chache hakilipi hata fundi wa kuja kukutolea upepo Mbezi usiku.

Hatua ya tano: ukishaamua kwenda, endesha hivi

Gia kubwa, mzunguko mdogo, kilomita 50 hadi 60 kwa saa panatosha, hata sheria yenyewe malori makubwa mwisho wao ni 80. Zima kiyoyozi. Mwache nafasi aliye mbele ili usiwe unafunga breki na kuondoka upya.

Mteremkoni usiachie nyutro. Najua wengi wanaamini nyutro inaokoa wese, ni kinyume, gari ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali ya mafuta pampu inakata dizeli kabisa, matairi ndo yanazungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ijizungushe yenyewe kwa mafuta yake. Afu na hayo mafuta machache, ikizima ukiwa nyutro mlimani upo kwenye matatizo makubwa, hata Kitonga malori hayaanguki kwa bahati mbaya peke yake.

Hatua ya sita: zijue dalili, toka barabarani mapema

Dizeli inaaga kabla ya kuondoka. Kwanza unakosa nguvu mlimani, unakanyaga haijibu, afu mzunguko unapanda na kushuka wenyewe, afu inakohoa. Ukiona la kwanza tu, washa taa za hazadi toka pembeni, usisubiri la tatu. Injini ikizima usukani unakuwa mzito ghafla, na konpresa ya upepo wa breki inasimama. Una breki chache zilizobaki kwenye mitungi, ukizipiga ovyo upepo ukishuka sana breki za nyuma zinajifunga zenyewe kwa springi na lori haliendi popote mpaka injini iwake au ulegeze springi kwa mkono. Kwa hiyo kanyaga mara moja, kwa utulivu, ukiwa tayari unaelekea pembeni. Njia ya mwendokasi usiingie hata kwa kujiokoa.

Pembetatu mbele na nyuma, jiwe au gogo kwenye tairi.

Kabla hujalaumu mafuta fungua kifuniko cha tenki. Kikivuta hewa kwa nguvu, fyuuu, tundu la kupumulia limeziba na tenki lilikuwa linajinyima, mafuta yapo ila hayawezi kutoka. Safisha kifuniko.

Hatua ya saba: weka mafuta, toa upepo

Kwanza mafuta yenyewe. Lita tano hazitoshi, lazima zivuke pale mrija unapoishia ndo zianze kufaa kitu. Canter weka 20, semi weka 40 au 50. Sheli zingine wanakataa kuweka kwenye dumu, nenda na dumu safi la chuma au tuma mtu mapema. Ukinunua kwa wauzaji wa pembezoni, jaza kidogo kwenye chupa tupu inayoonyesha ndani, iache dakika kadhaa, maji yatakaa chini mafuta juu, utaona mstari. Ukiona mstari usinunue. Na mafuta ya taa usiweke, yanapita lakini hayalainishi pampu, zile enzi za kuchakachua pampu nyingi zimekufa hivyo.

Kwa injini za zamani, Canter na Fuso zenye pampu ya kawaida na Scania za kitambo, kazi inaenda hivi. Juu ya nyumba ya filta kuna boliti ndogo ya kutolea upepo, ilegeze mzunguko mmoja au mbili, weka kitambaa chini. Piga pampu ya mkono, itatoka povu, endelea, povu linakwisha inakuja dizeli tupu isiyo na mapovu, hapo kaza boliti huku mwenzako bado amebonyeza pampu, ukiachia kwanza inarudisha hewa. Kisha hamia kwenye boliti ya pampu kubwa, fanya vilevile. Endelea kupiga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Ingia ndani, kanyaga pedali, piga stata sekunde 10 hadi 15, pumzika dakika moja au mbili. Hiyo pumziko siyo urembo, betri zako mbili za volti 12 zikikuishia hapo unakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Isipowaka, legeza nati za paipu zinazokwenda kwenye nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, spana 17 au 19, anza na mbili tatu, mwenzako apige stata, zikianza kutema dizeli kaza moja moja. Itaanza kuwaka kwa silinda chache inatetemeka kama inataka kukimbia, hiyo ni kawaida, itakaa sawa.

Kama povu haliishi hata ukipiga nusu saa basi kuna sehemu inavuta hewa, angalia washa za shaba, mpira wa filta, na hosi iliyopasuka karibu na klipu. Na usikubali kuvutwa ili liwake, kama paipu zina upepo hata ukivutwa mpaka Mlandizi halitawaka.

Sasa wenye magari mapya ya komon reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye presha kubwa, ile ya kulegeza nati za nozeli MSIFANYE. Mle ndani presha inafika zaidi ya ba 1,600, dizeli inatoboa ngozi na kuingia mwilini, hicho kidonda ni cha hospitali siku hiyohiyo hata kama kinaonekana ni kitundu tu. Kwenye hizo unatoa upepo upande wa filta tu, kwa pampu ya mkono au ya umeme kwa kuwasha swichi mara kadhaa bila kupiga stata. Na ndo hizo hizo ambazo kukata mafuta ni hasara zaidi, pampu yake inalainishwa na dizeli yenyewe, ikizunguka kavu inajisaga, vumbi la chuma linaenda kwenye nozeli zote. Mwenye komon reli ile alama nyekundu kwenye fimbo aipandishe sentimita mbili zaidi.

Likishawaka usiondoke hapohapo. Liache lizunguke kidogo juu ya kawaida dakika tano hadi kumi, presha ya breki ijae, pitisha mkono kwenye kila boliti uliyofungua uone kama panalowa. Nenda sheli ya karibu ujaze kabisa, ndo ufungue koki ya chini ya filta ya maji umwage kwenye chupa uangalie. Watu wanasema mafuta ya mwisho ni machafu, siyo hivyo hasa maana mrija unavuta chini siku zote, ila yakiwa machache yanachafuka kwa kurukaruka na ule uchafu uliotuama unanyanyuka wote. Ukiona maji au vitu vyeusi vya kuteleza, badili filta zote mbili, ya maji na ya mafuta, na filta mpya ukitaka kuijaza kabla ya kuifunga, mwagia kwenye vile vitundu vya pembeni, siyo tundu la katikati, la katikati ni njia ya mafuta yaliyokwisha kuchujwa.